Kidole cha Malaika

Ukuta wa magharibi wa kanisa letu, Bukovina,
ndio uliopewa Siku ya Mwisho.
Kila alasiri jua huja kuusoma,
kila masika theluji huyeyuka ikiufuta,
na kati ya msomaji na mfutaji nimewekwa mimi, Veturia,
na pamba, na mate, na brashi ya manyoya ya kindi.

Nilianzia juu, kwa malaika wawili
wanaokunja mbingu kama jamvi siku ya kuondoa matanga.
Jua na mwezi vimo ndani ya mkunjo.
Hawana haraka. Mmoja bega limeinama
kama la mtu aliyezoea kubeba.
Chini yao mwingine anapuliza baragumu,
si ya shaba, ni ile ndefu ya mbao
wachungaji wetu wanayoitia kondoo mlimani,
na kila kilichomeza mtu kinamtapika.
Dubu analeta mkono. Mbwa mwitu analeta mguu.
Simba, ambaye mchoraji hakupata kumwona,
ana uso wa paka wa jikoni, amebeba kichwa kwa adabu
kama anayerudisha sufuria ya kuazima.

Ngazi yangu ameishika baba,
Ilarie, miaka themanini na mitatu, kwa mikono miwili.
Haulizi nimefika wapi katika Hukumu.
Husema tu, "Usiegemee kushoto."

Faili lake nililisoma mjini mwaka juzi.
Ripoti ishirini na mbili, mwandiko wa mtoto mtiifu,
kila nukta mahali pake. Jina la siri: Mfinyanzi.
Casian Hrib, jirani, miaka mitatu machimboni
kwa sentensi moja aliyoisema arusini, amelewa.
Sentensi yenyewe imo. Inachekesha hata leo.
Nikalirudisha kaunta, nikatia sahihi.
Sijamwambia.

Hapa ukutani naye yupo anayeandika,
malaika mwenye hati, kichwa chini, kalamu haipoi.
Nilimsugua nusu saa nikitafuta aibu usoni mwake.
Haimo.
Huyu alitumwa, nikajisemea.
Na Mfinyanzi pia alisema alitumwa.

Jana nikafika kwenye mizani.
Nafsi imesimama uchi, ndogo kama kitoto cha sungura,
mashetani wameivuta sahani ya dhambi kwa kulabu,
malaika anawachoma mkuki.
Nikatoa kuvu, nikatoa chumvi,
nikaona kidole.
Kimoja tu, cha mkono wake wa kushoto,
kimelala juu ya sahani ya mema. Kinaikandamiza.
Mkono mmoja unapigana mbele ya macho ya wote,
mwingine unaiba kwa ajili ya mshitakiwa.

Nikaweka kioo cha kukuzia.
Si kazi ya mchoraji wa kwanza. Udongo mwingine, mkono mwingine,
labda miaka mia baadaye:
mtu alipanda hapa bila kibali,
na jina la mtu wake moyoni.
Tume inataka ukuta ulivyokuwa mwanzo.
Pamba tatu zinatosha. Dakika nne.

Mtunza kanisa anagonga ubao wa sala.
Pamba imenikaukia mkononi.
Kule chini baba anakohoa, ngazi inatikisika,
inatulia.
"Umekwama wapi?"
Wiki sita, hajawahi kuuliza.
"Kwenye mizani."
Ananyamaza. Vidole vyake kumi, vyenye madoa,
vimeukaza mti hadi kucha zimekuwa nyeupe.
"Basi shuka taratibu," anasema.

Usiku nimejaza daftari la kazi,
mwandiko wangu ukifanana na wake kuliko nilivyopenda:
*Rangi ya baadaye. Imeshikamana na plasta. Haikuondolewa.*

Hilo la kushikamana si kweli.
Liandike nawe, mwenye hati.